Vumbi la Njano Nyuma ya Frigo

Siku ya kwanza nilipoingia atelie, yaani karakana, ya mji wa Baraka kando ya ziwa, nilikuwa nimevaa shati jeupe, maana nilidhani fundi wa vyombo vya nyumbani ni mtu wa ofisi. Chefu wa Atelie, mwanamume mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alinitazama kuanzia kola hadi viatu, kisha akanionyesha kibao cha kukalia karibu na mlango.

“We, leo hautagusa turnevisi,” aliniambia, yaani bisibisi. “Utaikala hapa, usikie vile batu banaelezea ngonjwa ya bintu yabo.”

Nilikaa pale wiki mbili. Nilisikia pasi zinazonuka, redio zinazokohoa, majiko ya petroli, ndivyo tunavyoita mafuta ya taa, yanayotoa moshi mweusi na kuchafua sufuria za watu. Chefu alikuwa akimsikiliza kila mtu mpaka mwisho, hata yule anayeanza habari ya jiko kwa kueleza kwanza ndoa ya dada yake. Nilimwona kama mtu anayepoteza wakati. Baadaye nilielewa kwamba nusu ya uharibifu ilikuwa inajulikana kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Jambo la pili alilonifundisha ni devi. Devi ni makadirio: fundi anafungua chombo, anaangalia, anamwambia mwenyewe matengenezo yatamgharimu kiasi gani, kabla ya kugusa kitu. Sheria ya Chefu ilikuwa rahisi. “Devi ikipita nusu ya bei ya kintu mupya, mwambie mwenyewe aache. Asitupe makuta juu ya kintu inaenda kufa.” Makuta ndiyo pesa. Pasi ya umeme ikiungua waya wa ndani, tulibadilisha waya na mtu akarudi nyumbani amefurahi. Lakini uso wa pasi ukishaliwa na kutu, tulimwambia anunue nyingine, maana itamchania nguo. Jiko la petroli likihitaji tambi mpya, hiyo ni kazi ya saa moja na bei ya chumvi. Tangi lake likitoboka, hatukukubali kuliziba hata mtu akilia, kwa kuwa tangi lililozibwa limeshachoma nyumba nyingi kando ya ziwa.

Na la tatu, ambalo ndilo sababu ya mimi kuandika haya: huko Baraka fundi hakuruhusiwa kutamka kwamba chombo kimekufa bila kumwonyesha mwenyewe alama ya kifo. Ilikuwa desturi ya atelie. Ukisema redio imekufa, unaifungua mbele yake, unamwonyesha mahali palipoungua, anapagusa kwa kidole chake. Baada ya hapo akitaka anaondoka na chombo chake, akitaka anakuuzia kadavre. Kadavre ndiyo maiti ya chombo. Tulikuwa tunazinunua kwa pesa kidogo ili kutoa vipuri. Chefu alikuwa mkali sana juu ya desturi hii. Alisema watu wetu wamedanganywa na kila aliyevaa saa, angalau fundi awaonyeshe.

Baada ya miaka mitatu nilipelekwa Fizi, kule juu mlimani, kwenye misheni moja iliyokuwa na frigo, yaani friji, tatu za petroli. Mkubwa wangu pale alikuwa Bwana Ekonomu, msimamizi wa mali, mtu wa maneno machache na tabia ya kuhesabu vijiko baada ya kila mlo. Ninyi vijana mnaojifunza kazi hii mmezoea frigo za umeme wa jua. Ile ya petroli ina taa ndogo chini yake. Moto unapasha bomba lenye maji na amonia, na kutokana na joto hilo inazaliwa baridi. Mimi mwenyewe sikuamini mpaka nilipoona barafu.

Bwana Ekonomu alinifundisha magonjwa mawili ya frigo hiyo. La kwanza ni bomba kupasuka. Hapo nyuma unakuta vumbi la njano limeganda kwenye mabomba, na mwanzoni harufu inayochoma pua kama mkojo wa zamani. Hiyo imekufa, hakuna devi, hakuna dua. La pili ni bomba kuziba ndani. Taa inawaka vizuri, moto ni wa buluu, bomba la juu lina joto, lakini ndani hakuna baridi wala vumbi lolote nyuma. Kwa ugonjwa huo alinipa dawa iliyonichekesha. “Unaizima, unaigeuza kichwa chini siku nzima. Kisha unaiinua, unaiacha itulie siku ingine, unawasha. Haiombi hata musumari.”

Tuliigeuza moja siku ile ile, na siku ya tatu ikatoa barafu. Nilicheka kwa furaha, naye Ekonomu akaniomba niache kelele.

Kisha vita vikaja. Vile vya kwanza vilituondoa Fizi sote, misheni ikafungwa, nami nikarudi Baraka kukuta atelie haina mlango wala Chefu. Aliondoka na familia yake kuvuka ziwa, na sikumwona tena. Nilifungua yangu ndogo karibu na soko. Vile vya pili vilipoanza, barabara ya Uvira ilikuwa inafunguliwa leo na kufungwa kesho, na vyombo vipya vikakoma kabisa kufika. Hapo sheria ya nusu ilipoteza maana. Nusu ya bei ya kitu kipya ni ngapi, kama kipya hakipo? Nilitengeneza vitu ambavyo zamani Chefu angevitupa. Nilifunga pasi kwa waya wa baiskeli. Jina langu likakua, na kichwa changu pia.

Katika miaka hiyo alikuwepo mjane mmoja wa kijiji cha Mboko aliyeitwa Mama Sara, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa na watoto wanne na frigo moja ya petroli aliyoachiwa na mume. Kabla ya vita wachungaji wa ng’ombe wa Bibokoboko, kule mlimani, walikuwa wanateremsha maziwa, yeye anayaweka baridi na kuyauza kando ya barabara. Vita vikakata njia ya mlimani, akabaki na jusi ya marakuja, yaani pasheni, na maji ya barafu. Kwa vikombe hivyo vya jusi Sara alikuwa anasoma sekondari, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza. Haya yote Mama Sara alinieleza mwenyewe siku alipoleta frigo kwangu juu ya kamiyo, lori la samaki. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kama nilivyofundishwa.

“Iko inawaka tu, Fundi,” alisema. “Moto iko muzuri, lakini baridi haitoke. Unionee huruma, hii frigo njo iko bwana yangu sasa, njo inatulisha.”

Nilizunguka nyuma. Mabomba yalikuwa safi. Moto ulikuwa wa buluu. Niligusa bomba la juu, lina joto. Nilijua ugonjwa palepale, na nilijua dawa.

Lakini wiki moja kabla, mnunuzi mmoja wa dhahabu kutoka machimbo ya Misisi alikuwa amekuja na pikipiki kunitafuta. Alitaka frigo kwa ajili ya baa yake, yoyote, mradi itoe baridi, na bei aliyotaja ilikuwa zaidi ya kile nilichopata kwa miezi sita. Nilimwambia nitaangalia. Nataka mwelewe: nyumbani kwangu hapakuwa na njaa. Hakuna mwanajeshi aliyenishikia bunduki. Watu wengi wa rika langu wakisimulia mabaya yao ya wakati ule husema ni vita, na wengine wao wana haki ya kusema hivyo. Mimi sina.

Nilimwambia Mama Sara arudi kesho. Alipoondoka nilikwenda kwenye kadavre ya frigo iliyokuwa pembeni mwa atelie, moja iliyopasuka bomba tangu zamani. Nilikwangua vumbi lake la njano kwa kisu, nikalilowesha kidogo, nikalipaka nyuma ya frigo ya Mama Sara, kwenye maungio ya mabomba, taratibu, kwa ustadi. Nilikuwa fundi mzuri. Lilikaa kama limetoka ndani.

Kesho yake alikuja. Nilifuata desturi yote. Nilimwita nyuma, nikainama, nikamwonyesha.

“Unaona hii manjano, Mama? Bomba imepasuka. Ikitoka hii, imekufa.”

Alipitisha kidole, akakitazama, akakipangusa kwenye kitenge. “Basi, imekufa kweli,” alisema. “Nimeiona na macho yangu.”

Sikumdai pesa ya devi. Nikampa na kitu kidogo kwa ajili ya kadavre, zaidi kidogo ya kawaida, na hapo alinishika mkono kwa mikono yake miwili. “Aksanti, Fundi. Mwengine angenikulia hata makuta ya bure. We uko muntu ya Mungu.”

Niliigeuza frigo kichwa chini jioni hiyo. Siku ya tatu ilitoa barafu. Mnunuzi wa Misisi aliichukua imesimama wima kwenye kamiyo ya chumvi, kama nilivyomshauri, na alinilipa bila kubishana.

Baada ya miezi michache nilimwona Sara, yule binti yake, sokoni, ameketi nyuma ya pikipiki, na mfuko wa nguo magotini. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema Misisi, kuwapikia wachimbaji, kwa sababu shule imemshinda mama yake. Alikaa huko miaka. Alirudi na watoto wawili na kikohozi.

Jambo ambalo sikulitarajia ni wateja. Walikuja kutoka Mboko, mmoja baada ya mwingine, hata baada ya vita kutulia. Nilipowauliza nani amewaelekeza, jibu lilikuwa lile lile: Mama Sara amesema huku kuna fundi anayeonyesha. Nilijenga nyumba ya bati kwa sifa hiyo. Kila aliyetaja jina lake nilimpunguzia bei, nikajidanganya kwamba ninalipa.

Nilistaafu mikono ilipoanza kutetemeka. Majirani walinifanyia karamu ndogo kwenye atelie, na Mama Sara, mzee sasa, alisafiri kuja. Alisimama mbele ya watu akaeleza habari ya vumbi la njano tangu mwanzo: kidole chake, kitenge chake, ukweli wangu. Watu walipiga makofi. Niliinamisha kichwa kwa haya, na wao wakadhani ni unyenyekevu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mboko. Nilimkuta akimenya mihogo, nikamwambia yote, pamoja na kile kisu. Hakuacha kumenya.

“Na ile frigo ilikuwa inaomba nini?” aliuliza.

“Kuigeuza kichwa chini, Mama. Siku moja.”

“Kwa bei gani?”

“Bure.”

Alichukua muhogo mwingine. “Mi nilikuwa na batoto bane kwa nyumba,” alisema. “Tungeigeuza.” Alipomaliza kuumenya akaonyesha kwa kisu. “Sara iko nyuma. Enda umwambie we mwenyewe. Mi sitaweza.”

Sara alikuwa anaanika nguo. Aliponiona alikausha mikono, akaniletea kiti kabla sijasema neno. “Karibu, Papa Fundi. Mama anatuambiaka habari yako kila siku.”

Nimewaandikia ninyi mnaojifunza kazi hii bei na dalili, na mzishike, maana ni za kweli. Kuhusu lile lingine, nililomtendea Mama Sara, sina fundisho. Nilimwambia Sara yote bila kumtazama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, kisha akaniuliza bila hasira:

“Sasa, Papa, unataka nikufanyie nini?”

Njia nzima kutoka Baraka nilikuwa nimepanga nitakayosema. Sikuwa nimefikiri kwamba nilikuwa naenda kumwomba kitu, na yeye, pamoja na yote niliyomnyang’anya, alikuwa anauliza anipe nini. Nilimwambia sijui. Akarudi kuanika nguo zake, nami nikabaki kwenye kile kiti.