Chumvi ya Kambale wa Bwana Daktari

Siku ya kwanza kazini nilipewa ndoo mbili na mti wa kubebea begani, na msimamizi akaniambia kwamba maji ya pale si ya watu. Nikinywa, nitaulizwa. Nilikuwa nimeshuka kutoka kwetu Bigwa, mlimani, asubuhi na mapema, nimeoga, nimevaa shuka langu jipya, nikidhani nakwenda kufanya kazi ya serikali. Kumbe nakwenda kuwa mtumishi wa samaki.

Nyumba ya samaki ilikuwa nyuma ya makazi ya Bwana Daktari, Mjerumani mrefu aliyekuja Morogoro baada ya reli kufika. Ndani palikuwa na masanduku mawili ya kioo, kila moja refu kuliko kitanda, na mabirika matatu ya saruji. Mle walifugwa kambale waliovuliwa Ruvu na Ngerengere, samaki wenye sharubu na kichwa bapa, wala nyama wasioshiba. Bwana alikusudia kuwapeleka kwao Ulaya wakiwa hai. Mkubwa wao alikuwa mzito kama mtoto wa miaka mitano. Sisi tulimwita Jumbe, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kula na kulala, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Aliyenifundisha kazi ni Masanja, Mnyamwezi aliyefika pwani na misafara ya mizigo, akarudi hadi Morogoro na kukwama hapo. Mluguru na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo hatukuamkiana hata siku moja bila matusi. Mimi nilimwambia kwao wamebeba mizigo mpaka watoto wanazaliwa na vichwa bapa, ndiyo maana kambale wanampenda, wanamdhania ndugu. Yeye alisema sisi Waluguru tunalima mlimani tukiwa tumejifunga kamba kama mbuzi, na mtu akianguka shambani kwake anazikwa kwa jirani. Nanyi mnaosoma mjue kwamba mtani hakasiriki. Akikasirika amevunja jambo kubwa kuliko yeye.

Nieleze sasa kazi yenyewe. Kambale wa mtoni hula sana siku moja, kisha hukaa siku kadhaa akisaga alichokula. Bwana Daktari alipenda wageni wake wamwone Jumbe akimeza, kwa hiyo tulimtupia nyama ya mbuzi karibu kila siku. Matokeo yake ni ugonjwa wa tumbo kujaa. Samaki huvimba, huelea upande, huinua mkia juu, hugoma kula. Wengi hufa.

Dawa ilikuwa chumvi. Kwanza Bwana alitumia chumvi ya haluli, ile ya kuharisha, mpaka chupa zake zilipokwisha; baada ya hapo tukatumia chumvi ya kawaida kutoka pwani. Mgonjwa hanyimwi maji ila hunyimwa chakula. Unamhamishia kwenye birika dogo kwa gunia lililoloweshwa, usije ukamchubua ute wa mwilini, maana ute ndio nguo yake. Chumvi huimwagi kavu, itamuunguza. Unaiyeyusha kwanza katika maji ya uvuguvugu, vikombe viwili vya bati kwa ndoo kumi, kisha unaimimina ukingoni polepole huku ukimtazama anavyopumua. Mwisho unaonja. Bwana Daktari alitufundisha kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kisichokosea hata nukta: "Maji haya yapasa kuwa na ladha ya machozi. Yakipungua hapo, hayatibu. Yakizidi, yanaua." Kwa dawa hiyo tuliwaponya kambale wengi, na mimi nikapandishwa kutoka mbeba maji hadi kuwa mwenye kuyeyusha chumvi. Nilijiona mtu.

Kisha wazungu wakapigana wao kwa wao. Meli hazikuja, na chumvi ikaadimika. Madukani hakuna. Huku Bigwa watu walichuja majivu ya majani wapate kitu cha kuukoleza ulimi. Nyumba ya samaki peke yake ndiyo ilikuwa na kopo kubwa la chumvi. Bwana Daktari alikuwa amelitunza kwa ajili ya Jumbe, maana alisema vita vitakwisha na safari ya Ulaya itabaki palepale.

Mke wangu alikuwa karibu kujifungua, mimba yetu ya kwanza. Chakula kilimshinda. Alikuwa akiweka mboga mdomoni na kuitema, akilia kwamba ni kama kutafuna tambara. Alikonda mpaka mama yake akaanza kunitazama vibaya. Siku moja, Masanja akiwa amekwenda kuchota maji, nilitia mkono koponi mara mbili nikafunga chumvi kwenye pindo la shuka. Sikuhisi ninaiba. Nilihisi hasira, basi, kwamba samaki anatiwa chumvi na mke wangu hana. Alikula siku hiyo. Alikula na siku ya pili.

Hapo ndipo Jumbe alipovimba.

Tulimhamisha watu watatu. Nilipima chumvi, na kikombe cha pili hakikujaa. Nikayeyusha iliyopo. Nilipoonja, maji hayakuwa machozi. Nikasema ni sawa. Siku ya tatu Jumbe aligeuka tumbo juu, mweupe, na Bwana Daktari akapiga magoti kando ya birika, akachovya kidole na kuonja. Akaenda kwenye kopo, akatazama ndani.

Akauliza, bila kupandisha sauti: "Ni nani aliyeitwaa chumvi hii?"

Tulisimama watatu: msimamizi, Masanja na mimi. Na mimi nikasema, na hadi leo naisikia sauti yangu: "Muulize Mnyamwezi huyu, Bwana. Hao kwao chumvi ni mboga. Kopo lote amelilia ugali."

Je, ulikuwa utani, maneno ya kila siku yaliyotoka yenyewe kama chafya? Au nilikuwa najificha nyuma ya utani? Nimejiuliza maisha yangu yote. Wanaotaka jibu zuri walitafute kwingine.

Masanja alicheka. Angefanya nini tena? Mtani akitukanwa hucheka. Bwana Daktari alilijua kila neno nililosema, ila utani haukuwa katika kitabu chake. Aliona mtu ameshtakiwa na mwenzake, na mshtakiwa anacheka mbele ya maiti ya samaki. Msimamizi alikuwa mtu wa pwani, alielewa vizuri kabisa, lakini alitazama miguu yake. Nami nikaitazama yangu.

Masanja alipigwa hamsa ishirini. Hivyo ndivyo ilivyoitwa, viboko ishirini na tano, na aliyepigwa alihesabiwa kwa sauti. Alicharazwa mpaka mgongo ukakosa ngozi ya kushika.

Kesho yake Bwana Daktari alimpasua Jumbe ili ajifunze, nami nikamshikia beseni. Ndani ya utumbo palikuwa na mfupa wa mbuzi uliokaa kingamo, na nyuma yake nyama imerundikana na kuoza. Hata kopo zima la chumvi lisingemwokoa. Aliutoa ule mfupa, akautazama, akautazama tena. Kisha akanawa mikono, akaniagiza nikamwoshe Masanja vidonda kwa chumvi iliyokwanguliwa chini ya kopo, kwa kipimo kilekile.

Nilimwosha. Alilala kifudifudi juu ya mkeka, ameuma kitambaa. Nilipomaliza alikitoa mdomoni akaniita karibu.

"Nilikuona, mtani," akasema. "Nilirudi na ndoo, nikakuona unafunga pindo."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesemaje? Umeshanitania mbele ya watu. Niseme nimekasirika?" Kisha akauliza: "Mkeo anakula?"

Nikamwambia anakula.

Vidonda vilioza licha ya chumvi. Akashikwa na homa, na siku ya tisa akafa. Hakuwa na ndugu Morogoro, ila Wanyamwezi wachache waliokuwa wapagazi, na sisi watani wake. Kwa desturi mtani ndiye mwenye kazi msibani. Huchimba, humwiga marehemu, husema upuuzi kaburini mpaka wafiwa wacheke na roho zao zitulie. Tulipomaliza kufukia, mzee mmoja wa Kinyamwezi alinigeukia akasema, haya, mtani, sema neno.

Nikafungua mdomo. Nikasema: "Chumvi niliiiba mimi. Huyu amekufa kwa ajili yangu."

Wakacheka. Walicheka kwa moyo, wakifuta machozi, na yule mzee akanipiga begani akisema, kweli huyu ni mtani. Nikarudia kwamba nasema kweli. Wakacheka zaidi.

Baadaye Wajerumani waliondoka, na kambale waliobaki waliliwa na askari wenye njaa. Mimi niliendelea na kazi ya samaki nilipopata nafasi, na nikastaafu nikiwa mtunza mabwawa ya misheni, chini ya padri aliyependa perege na asiyejua lolote kuhusu chumvi. Vijana wa kazi wakiniamkia shikamoo husema mzee amekula chumvi nyingi. Ni sifa, najua, ya umri. Lakini tangu nilipotoka kaburini kwa Masanja chumvi haijapita mdomoni mwangu.

Mke wangu alijifungua salama, mtoto wa kike. Ndiye anayenipikia sasa, chungu changu mbali na vya wenzangu, na ndiye anayeandika haya, kwa kuwa macho yangu hayaoni tena. Tulipofika pale kwenye pindo la shuka aliacha kuandika. Nilisikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Baba," akauliza, "unatania?"

Nikamwambia aandike.