Tiwizi ya Watu Watatu

Saa moja asubuhi, katika kijiji cha mlimani Kabylia, kaskazini mwa Algeria, Mokran Ait Sadi anagonga zege la ua wa nyumba yake kwa nyundo, ametega sikio. Panapolia kama mtungi mtupu, udongo wa chini umekwenda na maji. Leo karibu kila mahali panalia hivyo.

"Limekufa hili," anasema fundi huyu wa miaka 64, ambaye kijiji kizima humwita Dda Mokran, kwa heshima ya umri wake. "Kuziba nyufa ni kumpaka maiti wanja."

Zege linalozunguka nyumba limeinamia ukutani. Kila mvua ikinyesha, maji yanaingia chini ya msingi, na chumba cha kulala kimeanza kuachana na jikoni. Dawa ni kuling'oa lote na kumwaga jipya kabla ya mvua za vuli. Kuziba, anatosha peke yake. Kung'oa kunataka kijiji.

Na kijiji kilikuwapo. Zege hili lilimwagwa kwa tiwizi, msaragambo wa huku: wanaume walipokezana ndoo tangu alfajiri, mwenye nyumba akawalisha kuskusi ya nyama. Watoto wao sasa wako jijini Aljeri na Ufaransa. Humlipa Mokran dinari elfu tatu kwa siku awatengenezee nyua za nyumba asimolala mtu, na vibarua wanawaleta kutoka mjini, kwa gharama asiyoimudu yeye.

"Za wasiokuwepo zinang'aa," anasema kwa uchungu. "Hii ninayoishi ndiyo inazama."

Ijumaa iliyopita mkewe, Wardiya, aligoma kukata tamaa. "Tangaza tiwizi msikitini, baba watoto. Wakinusa kuskusi watakuja tu." Akapika ya watu ishirini.

Wakaja watatu, kila mmoja na mkongojo wake.

"Mokran, mikono hatuna, lakini matumbo tumekuja nayo!" alitania jirani yake Ramdan, mzee wa miaka themanini. Wakacheka, wakala. Kisha Ramdan akaomba nyundo, akapiga mara moja, akaketi palepale ameshika kifua. Wenzake wakamrudisha kwake wakimshikilia.

Wardiya alizunguka kugawa chakula kilichobaki. Alirudi na sinia karibu limejaa: milango mingi ilikuwa imefungwa.

Sasa Mokran anakoroga saruji ya kuzibia. Anasema ataziba hivyo hivyo mpaka kiangazi kijacho, vijana watakapokuja likizo, kisha wang'oe pamoja. Walimwahidi. Walimwahidi mwaka jana pia.

Je, nyumba itafika kiangazi?

Anainama juu ya ufa, anaendelea kuziba. Anayejibu ni Wardiya, kutoka mlangoni: "Kitanda tumeshakihamishia jikoni."