Mjenzi wa Nyumba Yetu

Miaka ya tisini, wahadhiri wa vyuo vikuu viwili walikuja kwetu, karibu na Ijara, kutafiti nyumba za wafugaji. Mimi nilikuwa mwanafunzi wao na mkalimani. Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke, na ni mali yake. Mama aliifumua yake fito kwa fito, akaijenga upya juani ili wapige picha. Maswali wakamuuliza baba, aliyekaa kivulini na chai yake.

Ripoti ilipotoka, chini ya picha ya mikono ya mama waliandika jina la baba. Nilipolalamika, mkuu wa utafiti alinijibu eti fomu inataka jina la mwenye nyumba.

Mwenye nyumba gani? Baba hajawahi kufunga hata fundo moja pale, na siku akimuudhi mama, hulala nje.