Sauti ya Pili

Mkamburi alifariki Februari, akiwa na miaka ishirini na miwili, kwa ugonjwa wa selimundu aliozaliwa nao. Mama yake, Wakesho, alimtoa Voi angali mdogo kwa sababu aliambiwa Birmingham kuna madaktari. Walikuwapo kweli, na walijitahidi.

Baada ya mazishi Wakesho alirudi kwenye kazi yake ya kuogesha wazee wa watu, na jioni akarejea mtaani kwake Stechford, kwenye nyumba isiyo na mtu. Biblia hakuifungua. Kuomba aliomba, lakini kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe walishahama.

Kilichombakia ni simu. Israël, Mkongo wa Uvira aliyefundisha kwaya ya kanisa lao kule mtaa wa Aston, alikuwa na desturi ya kurekodi kila sauti peke yake ili watu wajifunzie nyumbani. Sauti ya kwanza ya wimbo wa Pasaka aliiimba Mkamburi. Kati ya mistari alinyamaza, akisubiri sauti ya pili ijibu, na sauti ya pili ilikuwa ya mama yake. Basi kila jioni Wakesho aliiweka simu mezani, mtoto akaimba, mama akajibu. Kwa dakika nne hizo kifua kilimlegea.

Jumamosi moja jirani yake Narinder, Mpunjabi aliyekulia Kisumu, alimsimamisha mlangoni.

"Dada, nawasikia mkiimba wawili," alisema akitazama chini. "Juzi nilisahau kabisa. Nikasema, afadhali, msichana ametoka hospitali."

Walisimama wameshikana mikono mpaka mvua ikawatawanya.

Pasaka ilipokaribia, Israël alipiga simu. "Maman, ile sauti ya kwanza tumupe nani?"

"Mpe anayeiweza."

"Na wewe utakuja?"

"Sijui, mwalimu. Mungu mwenyewe simsikii siku hizi."

"Hata mimi kuna siku simusikii," Israël alisema. "Siku hizo ninaimba tu."

Siku ya Pasaka Wakesho alikwenda. Sauti ya kwanza alipewa binti mmoja wa Kigoma, na ukweli usemwe, aliimba vizuri kuliko Mkamburi. Zamu ya Wakesho ilipofika, alijibu, wala hakukosea popote. Watu walilia, wakasema Roho ameshuka. Yeye hakuhisi lolote, isipokuwa kwamba kuliani kwake palikuwa na mtu mwenye joto, anayevuta pumzi kabla ya kuimba.

Ibada ilipokwisha Israël alimletea koti lake. "Umepata faraja kidogo, Maman?"

"Hapana," alisema. "Nimechoka tu."

Israël hakumhubiria. Alimrudisha nyumbani kwa gari lake.

Jumapili iliyofuata Wakesho alikwenda tena. Hakuwa na pengine pa kwenda.