Tarumbeta Lililozoea Joto

Mzee Joto hakupewa jina hilo kwa ukali. Amehudumu kwenye boila la kiwanda cha sabuni tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na mpaka leo haangalii kipimo cha joto kwanza. Husogeza shavu kuelekea mdomo wa tanuri, akasikia joto linavyomfikia kwa mbali, akasema, "Bado kidogo," au, "Hapo hapo." Kipimo kikimpinga, hukinunia.

Tarumbeta alijifunzia humo humo. Majirani walilikataa nyumbani, na mkewe, bila haya, akaunga mkono majirani. Basi akawa analipiga kando ya moto wakati wa mapumziko. Hewa ikipata joto, sauti ya tarumbeta hupanda. Hilo alilijua kwa sikio tu, akavuta nje kibomba cha kurekebishia sauti ili kuishusha, mpaka akalingana na redio yake. Kibomba kilipoanza kuchomokachomoka, alikilehemu palepale na kujipongeza.

Binti yake alipokuwa mdogo, mzee alimwahidi kumwingiza ukumbini kwa tarumbeta siku ya harusi yake. Mtoto hakusahau.

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa na viyoyozi, baridi ya kutetemesha meno. Mzee alipojaribu wimbo, sauti ya piano ilikuwa juu, yake chini.

"Mzee, sukuma kibomba ndani," mpiga piano akamwambia.

"Nimekilehemu."

"Umekilehemu! Nani analehemu tarumbeta?"

Mzee Joto akakisukuma hata hivyo; hakikusogea. Wageni walishaanza kukaa. Aibu angeimeza, lakini kumvunjia mtoto ahadi kulimuuma hasa.

Mara shavu lake la kulia likapata uvuguvugu. Mtu alikuwa amefungua mlango wa jikoni.

Akaingia mbio. Akasogelea majiko, akarudi nyuma kidogo, akageuza shavu. "Hapo hapo." Akasubiri tarumbeta lipate moto, akapuliza. Huko ukumbini piano ikamjibu, wakalingana.

"Mzee, usitutemee mate kwenye mchuzi!" mpishi mkuu akafoka, lakini alikuwa anacheka.

Mkewe akaenda kumpa habari bibi harusi, aliyekuwa akisubiri nje ya mlango mkubwa wa ukumbi. "Baba yako anapiga jikoni tu. Utamsikia, ila hutamwona."

"Mama, kwa nini nisimwone? Napita jikoni."

Akakusanya gauni mikononi, akazunguka nyuma ya jengo. Mzee Joto alimwona akipenya kati ya masufuria, wapishi wakimgongea vifuniko, na machozi yakamtoka bila ruhusa. Hakukosea hata noti moja.

Binti akasimama karibu naye, jasho likimharibia poda. "Endelea, baba. Nataka kuusikia wimbo wote."

Wimbo ulipokaribia kwisha, binti akamshika baba yake bega, akasukuma mlango wa ukumbini. Wageni wote walikuwa wamesimama, wamewapa mgongo, wakiukodolea macho mlango mkubwa.

"Jamani," bibi harusi akawaita, "tuko huku!"