Udongo Mweusi wa Kibamba

Mie na yule mzee mwenye kiwanja hatusalimiani tena. Zamani nilikuwa namwamkia shikamoo kwa heshima zote. Sasa akipita natazama pembeni, na anajua kwa nini.

Kiwanja kiko Kibamba, kikubwa, nusu ekari nzima. Yeye anakaa Kinondoni. Alinipa nilime bure, mradi nimlindie, wavamizi wasije wakajenga. Nikashukuru, maana mume wangu alishafariki na ada za wanangu wawili zilitoka kwenye mboga hizo hizo. Lakini jamani, ule mchanga! Unamwaga ndoo ya maji, ukigeuka pameshakauka. Mchicha ukaota mwembamba, wa njano, hata mbuzi angeudharau.

Nikaenda duka la pembejeo. Muuzaji akanitajia bei ya mfuko wa mbolea, nikamuuliza kama anauza na shamba lake humo humo. Samadi ya ng'ombe nayo ilitoka mbali, usafiri ungenimaliza. Ndipo nikamfuata jirani anayefuga kuku wa nyama. Tukapatana: mie nimsafishie banda, yeye aniachie mbolea. Sikuitia ikiwa mbichi, ingeunguza kila kitu. Niliilundika, nikaimwagia maji, nikaifunika kwa magunia miezi kadhaa mpaka ikapoa. Miaka mitatu nimebeba ndoo kichwani, nanuka kuku hata kanisani. Lakini udongo ukawa mweusi, laini, ukiufinya unashikana. Kila tuta nikachomeka kipande cha dumu la njano chenye jina la mboga, na matembele yakawa yananunuliwa yakiwa bado shambani.

Siku moja narudi kutoka kuuza Buguruni, nakuta kigari cha kirikuu kimeingia shambani, na wanaume wawili wenye makoleo. Udongo wote wa juu umezolewa, mboga zimepinduliwa mizizi juu. Mzee amesimama, mikono nyuma.

"Shikamoo baba. Kulikoni?"

"Marahaba. Nawauzia watu wa maua udongo kidogo. Wewe endelea tu kulima."

Endelea kulima! Nilime nini, mchanga ule ule? Nikapandisha sauti mpaka majirani wakatoka. Nikamwambia udongo huo nimeutengeneza mie, kwa mikono hii. Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma zaidi: "Mama, mboga ni zako. Ardhi ni yangu." Kigari kikaondoka. Nililia kwa hasira, wala sio huzuni, kwa hiyo msinionee huruma.

Wiki mbili baadaye nikatoka kutafuta mbolea upya. Ya kuku ingetaka miezi kupoa, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Nikasimama kwa muuza miche mmoja kando ya barabara ya Morogoro, baba mtu mzima. Akanivutia kiroba cha udongo.

"Chukua huu, mama. Hapa huhitaji mbolea yoyote."

Akataja bei. Nikashtuka. "Khaa! Udongo tu?"

"Udongo tu? Hebu tia mkono. Huu mtu kauhangaikia miaka."

Nikatia mkono. Ukatoka na kipande cha dumu la njano, kimeandikwa MCHICHA, mwandiko wangu mwenyewe.

"Huyo mtu ni mie," nikamwambia.

Akacheka sana. Alidhani nataka anipunguzie bei.