Mama na Meza Yangu ya Kahawa

Jamani, mama yangu ametoa meza yangu sadaka!

Na si meza ya hivi hivi. Ni ile ya mvule niliyoinunua hoteli yetu ilipofungwa kwa kukosa watalii: fupi, ya zamani, miguu imetanuka kama mwanambuzi anayejifunza kusimama. Mama mmoja Mzungu wa Diani ameipendea hiyo miguu. Anakuja kuilipia meza na kuichukua kesho asubuhi.

Leo narudi nyumbani Munje, sebuleni hamna kitu.

"Mama, meza iko wapi?"

"Nimempa Mzee Bakari. Si wewe mwenyewe uliniambia ni meza ya kahawa?"

Mzee Bakari anauza kahawa nje ya msikiti.

Nikatoka mbio, hata viatu sikuvaa. Nikaikuta imejaa vikombe, na dele la kahawa ya moto limeshaiachia duara jeusi katikati.

"Shikamooni," nikasema, nikijiandaa kudai changu.

"Marahaba, mwanangu!" akajibu Mzee Bakari. "Kila anayekunywa hapa anamwombea marehemu baba yako."

Wazee wote wakaitikia amina.

Sasa hapo ungesema nini? Mimi nilisema, "Nitilie kikombe."

Nikakinywa nimesimama. Kukaa sikuweza.

Nilipoaga, akanishika mkono. "Meza nzuri, ila miguu imekwenda upande, watu wanajikwaa. Usijali. Nimeshaazima msumeno, kesho tukitoka kusali alfajiri naikata."

Niambieni upesi: hiyo alfajiri niende kusali, au niende kuiba?